Uji wa Kiganjani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Hasa ninyi wasichana mnaokwenda kusomea kulea watoto wa watu, mnaorudi likizo na madaftari yaliyochorwa mipira na vikombe. Sina ugomvi na madaftari. Mimi herufi nimezijua uzeeni, kwenye kisomo cha jioni, na mpaka leo mistari yangu inapanda mlima. Lakini kazi hiyo mnayosomea niliifanya kabla mama zenu hawajazaliwa, enzi za Mdachi, pale Korogwe, na sikufundishwa kwa chaki. Nitawaambia nilivyofundishwa. Asiyetaka aweke karatasi chini akachote maji.

Nikifumba macho kuikumbuka Korogwe ile, kitu cha kwanza ninachokiona ni weupe. Asubuhi ukungu ulitoka mtoni Luvu, mto huu mnaouita Pangani, ukatambaa mpaka magotini, watu wakawa wanakwenda kazini kama hawana miguu. Jua likipanda, ukungu uliondoka, na mahali pake ulibaki weupe mwingine, wa nyuzi za mkonge zilizoanikwa kwenye kamba, safu kwa safu, mpaka macho yanachoka. Upepo ukipita zilipumua zote pamoja. Wanawake waliozianika walionekana na kupotea humo ndani, na sauti zao zilifika kabla yao. Sijui kama kweli palikuwa kimya hivyo. Palikuwa na mashine ya kusaga majani, palikuwa na nyapara na filimbi yake, na gari la moshi lilipita likienda milimani. Lakini katika kumbukumbu yangu vyote hivyo vinatoka mbali, kama vinasikika chini ya maji.

Kando ya mto, mbali kidogo na kamba, kulikuwa na banda la nyasi lisilo na kuta tatu. Ukuta mmoja tu, wa fito na udongo, upande wa upepo. Humo ndimo walimoachwa watoto wa wanawake wa mkonge, kuanzia alfajiri mpaka jua limegeuka. Watoto wanaonyonya, watoto wanaotambaa, na wale wa kuangusha vitu. Siku nyingine kumi na tano, siku nyingine zaidi. Wenye nyuzi hawakulijali banda lile. Walijali tu kwamba mwanamke mwenye mtoto mgongoni haaniki upesi.

Mwenye banda alikuwa bibi mmoja wa Kinyamwezi. Alishuka kutoka bara zamani na misafara, akiwa amembebea mumewe sufuria, na mume alipofia njiani akabaki huku kwetu. Alikuwa mfupi, mweusi sana, na alikuwa na mikono mikubwa kuliko mwili. Mimi nilitoka upande wa Kwamsisi, Handeni, na shangazi yangu, mwaka ambao mtama ulikauka shambani ukiwa haujafika kiunoni. Nilikuwa mwali nimeshatolewa ndani, nasubiri kuolewa. Shangazi akaenda kwenye nyuzi, mimi akanipeleka bandani.

Yule bibi aliniangalia akasema Wazigua ni watani wake, kwa hiyo nisitegemee huruma. Kisha akanipa mtoto anayelia.

Sasa sikilizeni alivyokuwa akifanya. Mama akileta mtoto kwa mara ya kwanza, bibi hakumuuliza jina la baba wala kijiji. Alimuuliza swali moja: kwenu mtoto analazwaje? Na alivyojibiwa ndivyo alivyofanya. Wa Kishambaa mmoja, mama yake Mkristo, alilazwa baada ya kuombewa, basi bibi alikaa kimya akafumba macho naye, ingawa yeye hakuwa wa dini hiyo. Wa Kizigua walilazwa kwa bismillahi. Mwingine alitaka mbeleko na kuzungushwa, mwingine alitaka kuachwa peke yake apige kelele zake zimwishe. Alijua nyimbo za kubembeleza za makabila manne au matano, na nusu ya maneno hakuyajua maana. Nilimwambia siku moja kwamba anaimba Kizigua kama mbuzi aliyemeza kengele. Akanijibu mtoto hajalalamika, wewe umelalamika, kwani wewe ndiye unayelala?

Mchana, wote wakishalala, palikuwa mahali ambapo sijawahi kupaona tena duniani. Joto limesimama. Nyuzi nje zinapumua, na ndani watoto wanapumua, kila mmoja na mwendo wake, halafu kuna dakika inafika wote wanapumua pamoja. Ilikuwa kama kukaa ndani ya kifua cha mtu mkubwa. Bibi aliniambia nisiseme kitu dakika hiyo. Nami, mwenye mdomo, nilinyamaza.

Kanuni zake hazikuwa nyingi. Unanawa mikono kabla ya kumshika mtoto. Aliyemlaza mtoto ndiye anayemwamsha. Uji unalishwa kwa kiganja: unanawa, unakunja kiganja kama kata, unamimina uji uliopoa, mtoto ananywa kwa kuegemea kwenye kidole gumba chako. Ukiwa wa moto, unaungua wewe kabla yake. Na kanuni ya mwisho, ambayo mwanzoni niliiona ya kipuuzi: mtoto akiota jino, au akisimama, au akitamka neno, yote ya mara ya kwanza, humwambii mama yake. Unanyamaza. Jioni mama atamchukua, ataona mwenyewe, na kesho atakuja kukuambia, nawe utashangaa kama hujui. Kwa sababu, alisema bibi, huyu mama ametuachia mchana wote wa mtoto wake. Tusimchukulie na hicho.

Mtoto mwenyewe ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa wa kiume, Mzigua kama mimi, na kwa baba yake walikuwa wa Kwamsisi. Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu, mwenye kucheka kwa macho. Alikuwa amezika wawili kabla ya huyo. Mtoto alikuwa na miezi saba hivi, mnene, na alikuwa na tabia ya kushika sikio lako wakati anakunywa, kama anaogopa utaondoka.

Asubuhi moja nilikuwa namlisha, nikasikia kitu kinanikwaruza kwenye gumba. Nikamfunua mdomo. Jino. Jeupe, dogo kama punje ya ulezi, na lilikuwa juu.

Ninyi wa leo mnacheka. Mkiona jino la juu mnasema jino. Sisi tulilelewa tukijua kwamba mtoto anayeanza kuota meno ya juu ni kigego, na kigego akikaa katika ukoo, watu wake wanakufa mmoja mmoja mpaka yeye abaki amesimama. Zamani za bibi zangu walitupwa porini. Mdachi alipotisha watu kwa kitanzi, wakaacha kutupwa, wakawa wanatolewa: mtoto anachukuliwa na wazee wa kwa baba yake, anapelekwa kwa watu wa mbali wasiomjua, na mama haambiwi amepelekwa wapi. Nilimwona mmoja wa akina mama hao nilipokuwa mdogo. Alikuwa akitwanga kinu kisicho na kitu.

Sikumwambia mtu. Nataka mlishike hilo, kwa sababu nilijisifu nalo moyoni: nimenyamaza, nimefuata kanuni. Lakini siku ile ile nilitafuta kijiko cha kifuu nikaanza kumlisha nacho. Wengine kiganja, yeye kijiko. Nilimlisha wa mwisho. Nilimlaza pembeni, uso wake ukitazama ukuta. Akinyoosha mkono kutafuta sikio langu, nilirudisha kichwa nyuma. Sikufanya kwa kukusudia uovu. Mikono ilifanya yenyewe, na mimi niliifuata.

Mama yake alikuwa anakuja mchana kunyonyesha. Siku ya pili alikaa na mtoto kifuani, akakitazama kile kijiko juu ya mkeka kwa muda mrefu. Mama anayenyonyesha anajua lililomo mdomoni mwa mwanawe, hakuhitaji kuambiwa. Akaniuliza mtoto anakula vizuri? Nikasema anakula. Akafunga nguo yake, akarudi kwenye nyuzi. Nilimwangalia akiingia katika weupe ule mpaka ukamfunika, na kitu kilinichoma, lakini sikukipa jina.

Aliyekipa jina ni bibi. Wakati wa chakula tulizoea kula sinia moja, bada, ule ugali wa muhogo, na mchicha. Siku hiyo alichukua fungu langu akaliweka juu ya jani la mgomba, akaliweka chini mbali, kisha akalisukuma kwangu kwa fimbo.

“Kula, mtani,” akasema.

Nilidhani ni utani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Watoto wakubwa walicheka, na mmoja akachukua kijiti naye akanisukumia kipande cha bada. Nilikula peke yangu. Jioni nilipokuwa nafagia, machozi yakanitoka.

“Umesikiaje?” bibi akaniuliza.

“Kama mbwa.”

“Basi na yule mtoto anasikia. Ila hajapata maneno.”

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye ni wa bara, hajui mambo yetu. Akasema kweli hayajui. Kwao wanaogopa mengine, ambayo mimi nikiyasikia nitacheka mpaka nianguke, na yeye hatayatoa hapa nimchekee. Hakuniambia nisiogope. Alisema, ogopa ukiwa kwenu, na wazee wako, huko ndiko kwenye mambo hayo. Lakini ukiingia chini ya paa hili, kiganja ni kimoja. Wakikaa kumi na tano, wanakipata kumi na tano. Huwezi, nenda kwenye nyuzi na shangazi yako.

Usiku ule sikuamua lolote, nililala tu. Asubuhi nilikitupa kijiko mtoni. Kilielea muda mrefu, kikizunguka, kabla ya kwenda.

Lakini nilichelewa. Kulikuwa na mwanamke wa kwenye nyuzi, jirani wa wakwe wa yule mama, ambaye alikuwa na mtoto wake pale bandani. Alikiona kijiko. Mzigua haulizi kwa nini mtoto mmoja analishwa kwa kijiko. Habari ilikwenda Kwamsisi kwa miguu ya mtu aliyekuwa anarudi kulima, na tukaambiwa kwamba bibi wa mtoto, mama yake baba, anakuja. Siku mbili za kutembea. Yule mama alipoipata habari alikuja bandani saa si yake, akasimama, mikono yake imejaa michubuko ya mkonge. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alisema neno moja tu kwangu: “Dada, huyu sitamwona tena.”

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokana na mikono yangu.

Tangu hapo kila alfajiri nilinawa, nikapitisha kidole kwenye ufizi wake wa chini. Ulikuwa umevimba. Mgumu, umekaza kama ardhi inayotaka kupasuka uyoga. Meno ya chini yangetoka, nani angejua yapi yalitangulia? Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Nilikuwa nikiota mchana, nimekaa macho wazi, meno meupe yakichipua kila mahali, kwenye mchanga wa mto, kwenye kamba za nyuzi, na mimi nayahesabu nikitafuta moja tu lililo chini.

Bibi wa Kwamsisi alifika siku ya tatu, ukungu ukiwa haujaondoka. Nilimwona kichwa kwanza, kimefungwa kitambaa cha kaniki, kikielea. Alikuwa mrefu, ananyooka kama mti wa mvule, na miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimepiga magoti. Bibi wetu alimkaribisha, akampa maji, akampa kigoda cha kukalia ambacho yeye mwenyewe alikikalia kila siku. Walikuwa wa umri mmoja. Waliulizana habari za njia, za mvua, za mihogo. Kisha mgeni akasema amekuja kumwona mjukuu wake mdomoni.

Bibi wetu akamjibu kwa adabu kwamba mjukuu wake amelala, na hapa mtoto haamshwi na asiyemlaza. Mgeni akasema atangoja. Akangoja. Jua likapanda, watoto wakacheza miguuni pake, mmoja akampandia mapajani akalala hapo, wa Kishambaa yule wa kuombewa, naye hakumwondoa. Alimfunika kwa pindo la nguo yake bila kutazama, kama mtu anayefanya jambo alilolifanya maisha yake yote.

Yule wetu alipoamka nilimchukua haraka nikamweka begani. Mgeni akaniambia kwa Kizigua, taratibu, kwamba mimi ni mtoto wa nyumbani, nimekunywa maji ya nyumbani. Nimwambie nilichokiona.

Sikuwa na uwezo wa kumdanganya mzee kama yule. Nikasema:

“Bibi, meno ya mtoto husemwa na mama yake. Mimi nimewekwa kumshika tu.”

Alinitazama. Sijatazamwa hivyo tena na mtu. Halafu akasema, basi mlishe, nione unavyomlisha.

Alikuwa ameambiwa kuhusu kijiko. Ndicho alichokuja kukitafuta. Nilinawa mikono. Nilikaa chini, nikampakata, nikakunja kiganja, nikamimina uji. Mtoto akashika sikio langu. Akaegemea kwenye gumba, akanywa, na nikalisikia lile jino likinikwaruza, mara moja, mara mbili, kila anapomeza. Yule bibi hakuwa anatazama mdomo wa mtoto. Alikuwa anatazama mkono wangu. Nilifikiri nitaogopa, na hofu haikuja; nilisikia usingizi tu, utulivu wa ajabu, kama ile dakika ya mchana wote wanapopumua pamoja.

Uji ukaisha. Mgeni akasema, “Nipe na mimi.”

Nikamtazama bibi wetu. Akatikisa kichwa kukubali. Mgeni anawe, ndiyo kanuni. Akanawa. Akampakata mjukuu wake, akakunja kiganja chake kikavu chenye nyufa za jembe, nami nikamimina. Mtoto akaegemea kwenye gumba lake. Akanywa yote, akatafuta sikio lake, akalipata.

Bibi wa Kwamsisi alikaa vile na kiganja kitupu, akitazama mtoni. Ukungu ulikuwa umekwisha, maji yanang'aa. Alikaa muda mrefu mpaka nikasikia mashine ikinyamaza kwa ajili ya mapumziko. Kisha akanirudishia mtoto.

“Amekua,” akasema. “Anakula vizuri.”

Akanyanyuka, akachukua fimbo yake. Mama wa mtoto alikuwa amekuja mbio na amesimama nje ya banda, hana hata pumzi. Mkwewe akapita karibu naye, akamwambia nyuzi zitammaliza mikono, apake mafuta ya nyonyo. Akaenda zake. Nilimwona akipotea kati ya zile safu nyeupe, kichwa mwisho.

Alilisikia jino, hakulisikia? Nimelala na swali hilo miaka sitini. Gumba lake lilikuwa gumu kwa jembe. Huenda hakulisikia. Lakini mimi huwa namwona alivyomfunika yule mtoto wa Kishambaa, na nanyamaza.

Siku nne baadaye mama wa mtoto alikuja asubuhi akicheka kwa macho, akasema mwanangu ameota meno, chini, mawili. Nikashangaa kama sijui. Bibi wetu naye akashangaa, akapiga vigelegele mpaka watoto wakaamka, akavunja kanuni yake mwenyewe. Kisha Wadachi na Waingereza wakapigana, banda likachomwa au likaanguka, sikuwepo. Niliolewa Masuguru. Bibi alizikwa Korogwe hiyo hiyo, na mimi ni mmoja wa waliomwosha. Mikono yake niliiosha mwisho.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita, katika nyumba hii hii, kitukuu changu ameota jino. Mkwe wa mjukuu wangu alikuja kutusalimia, akamkamata mtoto kidevu akamfunua mdomo mbele za watu. Nikaona macho yanatazamana. Nikaona, jioni, mtoto analishwa uji akiwa wa mwisho. Wasomi, wenye vyeti, hakuna aliyesema kitu.

Niliwaita wote uani, mgeni naye, nikawaambia wasimame. Nikaagiza hivi: katika nyumba yangu mtoto hafunuliwi mdomo na mtu yeyote, la jino lake atalisema mama yake akipenda, vijiko vya kulishia watoto vyote vitolewe jikoni sasa hivi, na kila aliyepo hapa, kuanzia wewe mgeni, aende akanawe mikono, aje amlishe huyu kwa kiganja chake.